Magu: Uzi Hujipanga Rangi, Lakini Haujifumi

Barabara itokayo Mwanza kuelekea Musoma hupita Igoma, Kisesa na Nyanguge kabla ya kufika Magu. Kwa msafiri aelekeaye mashariki, upande wa kushoto Ghuba ya Speke hujitokeza na kujificha nyuma ya miamba, na upande wa kulia hutandaa mashamba. Tulisafiri mwezi wa Juni, msimu wa pamba, tukiwa wajumbe wanne wa kamati ya msikiti: wanaume wawili na wanawake wawili. Shughuli yetu ilikuwa kuwatembelea wajane na kuangalia ni msaada gani ungewafaa zaidi ya unga na sukari tulivyozoea kuwapelekea.

Magu haielezeki bila pamba. Wakulima wa Usukuma ndio waliounda vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ili mkulima asipunjwe kwenye mizani. Hata leo pamba hiyo huchambuliwa, hufungwa marobota, na sehemu yake kubwa huuzwa nje ya nchi kabla haijasokotwa. Ndiyo maana, ndugu msomaji, tuliwakuta akina mama barazani wakifuma kwa uzi wa akriliki uliotoka viwanda vya mbali, ilhali pamba imerundikwa nyumba ya pili.

Uzi wenyewe huitwa uzi wa rangi rangi. Donge moja lina rangi tatu au nne zinazofuatana: pima kadhaa za buluu, kisha nyeupe, kisha kijani, halafu mfuatano huanza upya. Mfumaji hakati uzi wala haungi. Hufuma tu, na mistari hutokea.

Hata hivyo, upana wa mstari hauamuliwi na uzi peke yake. Soksi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Mzunguko mmoja hula uzi kidogo, hivyo rangi moja hutosha mizunguko mingi na mstari huwa mpana. Sweta la mtu mzima lina safu ndefu. Rangi ile ile huisha upesi na mstari huwa mwembamba. Anayetaka soksi mbili zilizo pacha sharti aianze ya pili pale pale katika rangi alipoianzia ya kwanza, hata ikimlazimu kuvuta na kuweka kando pima nyingi za uzi. Tena kuna nyakati ambapo uzi hukatika kiwandani ukaungwa kwa fundo, na baada ya fundo hilo buluu hufuatwa na kijani, nyeupe ikarukwa. Hapo hapana ujanja ila kufumua, kukata, na kutafuta mahali ambapo rangi zinakubaliana.

Hayo tulielezwa na mama mmoja mjane, aliyemaliza eda yake miezi michache kabla ya safari yetu. Wajumbe wetu wanawake walimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaitika na kutukaribisha bila kuweka sindano chini. Katika ile miezi 4 na siku 10 za kukaa nyumbani, alitueleza, sindano zile mbili ndizo zilizowalisha watoto. Wifi yake alipeleka kofia mwaloni kwa wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku na baridi ya ziwani wanaijua, na soksi akazipeleka kwa waliojifungua.

Tukiwa hapo akaja kijana kuchukua kofia na soksi za mtoto wake. Alizisifu sana, kisha akatoa bei ya uzi na shilingi 1,000 juu yake. Mama alipoonyesha kutoridhika, kijana akasema, "Lakini mama, si uzi wenyewe ndio uliopanga rangi? Wewe umefuma tu." Mama hakugombana naye. Alichukua donge lililobaki akampa. "Basi mvalishe mtoto donge hili, mwanangu. Rangi zote zimo."

Kijana alicheka, akaongeza kidogo. Nyongeza hiyo haikufikia ujira wa jioni tatu alizozitumia mama yule, lakini aliipokea, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala.

Tuliondoka tukilizungumza hilo njia nzima. Uzi tunauhesabu kwa sababu una bei dukani. Mikono ya mfumaji hatuihesabu, hasa akiwa ni mama aliyekaa nyumbani kwake. Ilhali kazi hii ina historia ya heshima katika umma wetu. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano na kusalia hadi leo ni soksi za pamba kutoka Misri ya zama za Kiislamu, za buluu na nyeupe. Na huko Burgos, Hispania, katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa ufundi wa Waislamu, wenye neno la Kiarabu la baraka kwa hati ya Kufi. Watawala wa Kikristo waliithamini kazi hiyo kiasi cha kumlaza maiti wao juu yake.

Fiqhi yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika mlango wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, mwagizaji na fundi hukubaliana tangu mwanzo aina ya kitu, kipimo chake na thamani yake. Na Mtume (s.a.w.) ametuusia kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kwa msingi huo kamati imekubaliana mambo mawili. Kwanza, uzi utanunuliwa kwa jumla Mwanza na kukopeshwa kwa wajane bila riba, walipe baada ya kuuza. Pili, kila agizo litaandikwa kwenye daftari kabla sindano haijashikwa: ni kitu gani, cha nani, uzi bei gani, na mikono bei gani. Nanyi wasomaji wa Magu na vitongoji vyake, mtakapoagiza kofia ya mtoto, ulizeni bei hizo mbili, na mzilipe zote mbili.