Kwa Nini Mdogo Wetu Anasoma Shahada Mbili



Mdogo wetu wa mwisho yuko Marekani, anasoma shahada ya uzamivu na ya sheria kwa pamoja. Miaka inakwenda, mama anamtaka nyumbani, na majirani hawaishi kuuliza ataolewa lini. Sisi dada zake tukamuuliza: kwani moja haitoshi?

Akatueleza kuwa anatafiti mambo mawili: watoto wanavyotengwa shuleni na wanavyohukumiwa mahakamani. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Lakini mwaka 1974, katika kesi iliyotoka Detroit, mahakama hiyo hiyo ilikataa kuziingiza shule za vitongoji vya nje ya mji katika mpango wa kuchanganya watoto. Mpaka wa wilaya ukawa ukuta. Na kwa kuwa fedha nyingi za shule hutokana na kodi ya nyumba za hapo hapo, mtoto wa mtaa wa kimaskini huanza akiwa nyuma.

Kisha akatupa kisa cha Gerald Gault wa Arizona. Mwaka 1964, akiwa na miaka 15, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Bila wakili, akapelekwa shule ya kurekebisha tabia, akae huenda mpaka atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa lile angelipa faini isiyozidi dola 50, au afungwe miezi miwili tu. Ni kesi yake iliyowapa watoto haki ya wakili, mwaka 1967.

"Utafiti unanionyesha nani anaumia," akasema. "Sheria itaniwezesha kusimama naye."

Tulinyamaza, maana watoto wa kaka yetu wanasoma huko huko. Watoto weusi husimamishwa masomo kuliko wenzao weupe, na hakuna atakayewauliza kwanza kama asili yao ni Unguja.

Basi nyie mama zetu na dada zetu mlioko huko, mtoto akiitwa ofisini, nendeni wenyewe. Ombeni mkalimani, na msitie saini msichokielewa. Kuwahurumia wadogo ni sehemu ya dini yetu.

Na mdogo wetu tumuombee dua amalize salama, inshallah. Harusi itamngoja.