Urari wa Vita

Malenga wenzangu, mpwa wangu alipokuja Didia likizo alileta kompyuta kuukuu yenye mchezo uitwao Battle for Wesnoth. Ni mchezo wa vita vya panga na mishale, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na hugawiwa bure. Faili zake ni maandishi ambayo yeyote aweza kuyabadili. Yeye alikuwa ametunga pigano lake: kijiji cha Wasukuma kinavamiwa na Watuta, wale Wangoni waliopanda kaskazini karne ya 19 hadi wakapiga kambi Runzewe. Watuta waliongozwa na kompyuta.

Tulishindwa mara tisa. Nilipoifungua faili nikaiona sababu: sisi dhahabu 100 za kuajiri askari, wavamizi 400. (Huku kwetu, hata mchezoni, dhahabu ndiyo mwamuzi.)

“Mjomba, Watuta walitisha,” alijitetea.

Nikawapunguzia hadi 100. Tukashinda upesi, naye akaifunga kompyuta bila neno. Ukimya ule niliujua. Miaka mitatu nyuma aliniletea shairi lake la kwanza, nami nikaandika juu yake, kwa wino mwekundu, neno moja: guni. Hakuniletea la pili.

Safari hii nikamwuliza yeye tufanyeje. Akanieleza kwamba siku ya mchezo ina zamu sita, na kwamba wapiganaji wa giza huongezewa robo ya nguvu usiku na kupunguziwa robo mchana. Watuta wake walikuwa wa giza, nao walifika machweo. Basi tukawarudishia 250 na kuisogeza kambi yao nyuma mwendo wa zamu tatu, wafike alfajiri. Kompyuta haina subira. Hushambulia hata saa isiyo yake. Sisi tukapata mchana mmoja wa kujipanga kabla giza halijawarudishia makali. Nikakumbuka mshororo wa mizani 16: ukiisogeza pumzi kutoka silabi ya nane, hesabu hubaki ileile lakini wimbo huvunjika. Miaka yote nimekuwa nikihesabu tu.

Jana usiku tulishindwa tena. Mtemi wetu aliuawa zamu ya 19, umeme umekatika, betri inakaribia kwisha. Mpwa wangu alicheka sana, kisha akaniuliza kama lile shairi bado ninalo.

Ninalo. Mizani zimepungua kweli katika ubeti wa tatu, lakini ubeti wenyewe ni mzuri.