Mshumaa toleo la 0.3: somo nililolipia hapa Pipeline

Najua nimepotea majuma kadhaa na kuna watu wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naomba mnivumilie nizungumzie mishumaa. Ndiyo, mishumaa ile ile ya dukani. Mwishoni mtaona kwamba hatujatoka mbali sana na mambo yetu ya kila siku.

Kisa kilianza Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Wanaokumbuka wanakumbuka. Kama saa 3:45 usiku stima ilipotea, na si hapa Pipeline peke yake, bali karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA, ambao ni jirani yetu huku Embakasi, ulikaa gizani kwa saa kadhaa. Mimi nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi asubuhi, na betri ya laptopu ilikuwa imebaki asilimia 30. Nikashuka ngazi za orofa sita kwa tochi ya simu mpaka kwenye kioski. "Mishumaa imeisha, boss. Ploti nzima imeshuka kabla yako."

Nikapanda tena. Mama jirani, wa mlango unaotazamana na wangu, akanisikia nikihema. Alikuwa na mshumaa mmoja. Akaukata katikati kwa kisu, akanipa nusu. "Shika, kijana. Kesho utanirudishia mzima."

Sasa, sisi watu wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tukikosa kitu dukani hatusemi "nitanunua kesho". Tunasema "hiki naweza kukitengeneza mwenyewe wikendi moja". Nta na uzi, kuna nini hapo?

Toleo la 0.1

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Niliingia duka la kwanza nikaomba parafini. Muuzaji akaniuliza, "Lita ngapi?" Kumbe kwetu ukisema parafini watu wanasikia mafuta ya taa. Unachotaka ni nta ya parafini: mabamba meupe magumu, ambayo pia hutoka kwenye mafuta ghafi. Niliipata kwenye duka la kemikali mjini kwa shilingi 320 kilo. (Hiyo ndiyo bei niliyolipa mimi. Wewe ulizia kwanza.)

Nikarudi nyumbani, nikatia nta kwenye sufuria, sufuria nikaiweka moja kwa moja juu ya gesi. Nikaenda kujibu barua pepe. Niliporudi kulikuwa na moshi mweupe unapanda kutoka kwenye sufuria.

Tafadhali soma sehemu hii mara mbili. Ule moshi mweupe ni mvuke wa nta, na mvuke wa nta ndio unaowaka. Mwanasayansi Michael Faraday alitoa mihadhara sita ya mshumaa kwa vijana pale Royal Institution, London, msimu wa Krismasi wa 1860 hadi 1861, na jambo hili alilionyesha vizuri. Zima mshumaa, kisha sogeza kiberiti kwenye uzi wa moshi unaopanda kabla haujatawanyika. Moto utaruka na kurudi kwenye utambi bila kiberiti kuugusa. Kinachowaka kwenye mshumaa hasa si utambi, na nta iliyoyeyuka nayo haiwaki ikiwa majimaji. Joto la moto huyeyusha nta, nta hupanda kwenye utambi, juu kabisa hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio mwanga wako.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimetengeneza mshumaa mmoja mkubwa wa ukubwa wa sufuria, ndani ya chumba chenye mlango mmoja na dirisha la vyuma, orofa ya sita. Nilizima gesi, nikafunika kwa kifuniko, nikakaa kitandani nikitetemeka. Bahati yangu sikumwaga maji. Maji huzama chini ya nta ya moto, yanageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka kila upande.

Halafu mshumaa wenyewe haukuwaka! Uzi niliotumia ulikuwa wa nailoni. Uliyeyuka, ukajikunja, ukazimika.

Toleo la 0.2

Hapa nilitulia nikafanya kama ninavyofanya kazini: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika kila kitu. Haya ndiyo yaliyofanya kazi.

1. Sufuria mbili. Kubwa ina maji, ndogo yenye nta inakaa ndani yake. Maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo nta nayo haiwezi kupita hapo. Na sisi tuna bonasi: Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hivyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 95 na si 100. Nta ya mishumaa ya kawaida huyeyuka karibu nyuzi 60, na ili mvuke wake ushike moto inahitaji kufika 200 hivi. Maji ndiyo mlinzi wako. Yasikauke, na usiondoke jikoni hata simu ikilia.

2. Uzi wa pamba. Upime hivi: choma ncha. Pamba huacha majivu na harufu ya karatasi iliyoungua. Nailoni huacha kishanga kigumu. Suka nyuzi tatu kama nywele, kisha uchovye utambi kwenye nta na uunyooshe ukauke. Kusuka si urembo. Utambi uliosukwa hujipinda ncha inapowaka, ncha inatoka pembeni ya moto na kuteketea yenyewe. Ugunduzi huo ni wa Ufaransa, miaka ya 1820. Kabla yake watu walikaa na mkasi wakipunguza tambi zilizoungua usiku kucha.

3. Bomba za PVC. Zile za kupitishia nyaya za stima, za milimita 20. Nilizikata urefu wa sentimita 15, nikazipasua katikati, nikazifunga tena kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Chini niliziba kwa unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati. Ndani nilipaka mafuta ya kupikia kidogo.

4. Joto la kumimina. Mara ya kwanza nilimimina nta ikiwa moto sana, bomba zikapinda kama ndizi. PVC hulainika karibu nyuzi 80. Subiri ifike 70 hivi. Kipimajoto si anasa, nunua.

5. Mmimino wa pili. Nta ikipoa husinyaa, na shimo hutokea kando ya utambi. Usidhani umekosea. Ongeza nta kidogo juu.

6. Stearini. Gramu 100 kwa kila kilo ya nta hufanya mshumaa uwe mgumu na utoke kwenye bomba bila kung'ang'ania.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: ndani bomba lina kipenyo cha milimita 17, kwa hiyo ujazo wake kwa sentimita 15 ni sentimita 34 za ujazo. Nta ina uzito wa karibu gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Basi kila mshumaa ni gramu 30 na ushee, na kilo moja inatoa mishumaa 32 hivi. Mmoja niliupima kwa saa: uliwaka saa 4 na dakika 20.

Nikampelekea mama jirani mmoja. Deni la Agosti limelipwa. Akaugeuzageuza, akauwasha, akautazama. "Hii umetengeneza wewe?" Nikavimba kichwa, sitadanganya :-)

Kasoro iliyofika kwa mteja

Mwezi wa Novemba stima ilipotea tena nchi nzima, na Desemba tena. Desemba hiyo hiyo mama jirani alipoteza kibarua chake huko Industrial Area. Siku moja akagonga mlango. "Kijana, ile biashara ya mishumaa ina faida?"

Swali lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na majibu mawili. Jibu la kweli lilikuwa, "Sijui, sijapiga hesabu." Nililompa ni, "Mama, watu watanunua tu, hii stima unaijua."

Akachukua zamu yake ya chama, akanunua kilo 20. Shilingi 6,400.

Tulitengeneza pamoja. Ili mishumaa yetu itofautiane na ya kiwandani, mimi fundi mkuu nikapendekeza rangi. Rangi ya mishumaa yenyewe ni ghali, kwa hiyo nikaleta krayoni za watoto, tukazikata na kuziyeyusha humo. Ilitoka mizuri ajabu: myekundu, ya kijani, ya samawati. Niliwasha mmoja, ukawaka vizuri dakika tatu, nikasema iko sawa. Dakika tatu! Mteja wangu angenifanyia majaribio ya namna hiyo ningekataa kusaini.

Mama aliuza 40 kwa siku mbili, watu wa ploti hiyo hiyo na ya jirani. Jumatano stima ikapotea. Kufikia saa 3 usiku walikuwa wanagonga mlango wake, si wangu. Mishumaa inawaka kidogo, moto unakuwa mdogo, mdogo, unazimika. Binti mmoja wa kidato cha nne alisimama pale ngazini na kitabu chake mkononi, hasemi kitu, anatazama tu. Mama akawarudishia pesa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu nikisikia kila neno. Nilichelewa kufungua. Hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo, kuliko krayoni.

Sababu niliielewa usiku ule ule, na ilikuwa kwa Faraday muda wote. Rangi ya krayoni ni unga laini, haiyeyuki katika nta, inaelea tu ndani yake. Nta ikipanda kwenye utambi inaubeba ule unga, na unga unabaki pale. Kidogo kidogo utambi unaziba kama chujio lililojaa matope. Nta haipandi, mvuke haupo, moto unakufa. Rangi ya mishumaa ni nyingine, ile huyeyuka kabisa ndani ya nta.

Asubuhi nilienda nikamwambia, "Mama, kosa ni langu." Akanijibu, "Najua. Sasa tunafanya nini?"

Toleo la 0.3

Uzuri wa nta ni kwamba karibu kila kosa linarudi nyuma. Tuliiyeyusha mishumaa ile tena, tukaiacha kwenye maji ya moto bila kukoroga mpaka rangi nyingi ikatua chini, tukamimina ya juu polepole. Tulipoteza kama kilo moja. Hiyo niliilipa.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi kule Mradi, Embakasi hii yetu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hakuna aliyelala vizuri huku. Wiki iliyofuata msimamizi wa ploti alisema hataki kuona nta ikipikwa ndani ya nyumba, na nilimpa haki yake. Nilimfikiria mtoto wa chini, mzee wa juu, na ngazi moja ya kupishana. Tukahamia juu ya paa, tunakoanika nguo, jiko likiwa nyuma ya tangi la maji ili kukinga upepo, kifuniko na ndoo ya mchanga kando.

Huko juu ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga Desemba. Nta shilingi 320 kwa kilo, mishumaa 32: ni shilingi 10 kwa kila mshumaa kabla ya uzi, stearini, gesi na nauli. Kiwanda kinanunua kwa tani. Hatuwezi kukishinda kwenye kioski, hata tufanyeje. Nilimwonyesha kwenye skrini ya laptopu. Akaangalia safu zangu za tarakimu kwa heshima, kisha akasema, "Lakini wewe umeandika kioski tu. Kanisani hujaandika."

Kwenye mkesha wa Pasaka Wakatoliki hushika mishumaa midogo mkononi. Jumuiya yake ilihitaji 300. Mshumaa huo hauhitaji saa nne, hivyo tulikata bomba za sentimita 8: gramu 16 kila mmoja, jumla karibu kilo 5 za nta. Kila mmoja ulipata kola ya karatasi ngumu ili nta isidondokee vidole. Meupe, bila rangi yoyote. Na safari hii nilichukua mmoja katika kila kundi, nikauwasha mpaka ukaisha, nikiwa nimeketi pale pale na saa.

Walilipa shilingi 12 kila mmoja, 3,600 kwa jumla. Ukitoa nta, uzi, karatasi na gesi, faida haikufika elfu mbili. Si utajiri. Mama alirudisha sehemu ya pesa ya chama, na nta iliyobaki akaitumia kwa oda nyingine za kanisa na za siku za kuzaliwa. Sasa ana kazi nyingine, lakini mwezi wa Machi ukikaribia bomba hutoka uvunguni.

Binti wa kidato cha nne nilimpelekea mishumaa mitatu meupe bila malipo. Aliniuliza swali moja tu: "Hii nayo umeijaribu?"

Haya, niishie hapo kwa leo. Ukitaka kuanza, anza na nusu kilo, sufuria mbili na uzi wa pamba, na kabla hujamuuzia mtu washa mmoja mpaka mwisho. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, naahidi.