Kijiti cha Gili

Kabla hajaniruhusu kutia mguu majini, mzee yule alivunja kijiti akakichomeka mchangani, pale hasa maji yalipokomea. Hakusema kitu. Alirudi garini, akamimina chai kwenye vikombe viwili vya bati, akanipa kimoja, tukanywa tumesimama chini ya mlango wa buti ulioinuliwa huku mvua ikitupiga ubavuni. Chai ilipokwisha akaenda kukitazama kijiti chake. Maji yalikuwa pale pale. "Haya," akasema, "sasa tunaweza kuvua."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Aprili, kwenye mto Tay, juu kidogo ya mji wa Dunkeld, Uskoti. Jumapili sheria ya huku hairuhusu mtu kuvua samoni, lakini trauti ruksa, na msimu wake hufunguliwa katikati ya Machi. Nilikuwa nimetimiza miaka 40, na wenzangu wa kazini, katika nyumba ya wazee ninapohudumu mjini Perth, walikuwa wamenichangia siku nzima ya kuvua pamoja na mwongozaji. Walijua nimezaliwa karibu na mto. Hawakujua ni mto gani.

Mimi ni mtoto wa Gura. Mto huo unaanzia juu kwenye nyika za baridi za Aberdare, nchini Kenya, unaporomoka kutoka genge hadi genge, unatokezea kwenye mashamba ya chai ya upande wa Othaya ukiwa bado na hasira. Watu wa kwetu husema hakuna mto wenye mbio kama huo Afrika nzima. Mjomba wangu alinifundisha kuuvua nikiwa na miaka saba, kwa ufito wa mwanzi na nyungunyungu tuliowafukua chini ya migomba. Ndiyo maana kile kijiti kilinishtua. Kwetu ni jiwe. Mjomba alikuwa na jiwe lake katikati ya Gura, lenye mkanda mweupe kiunoni, na sheria yake ilikuwa moja tu: mkanda ukilowa, tunapanda juu. Hata kama jua linawaka. Hata kama samaki yuko kwenye ndoana.

Huku mwongozaji kama mzee yule wa kijiti anaitwa gili. Ni neno la Kigaeli, na maana yake ya asili ni kijana, au mtumishi. Nilipolisikia mara ya kwanza mwili ulinisisimka, kwa sababu sisi tulikuwa na neno hilo hilo kwa sauti nyingine. Babu yangu, mwenye wake wawili na ndevu nyeupe, aliitwa "boi" na mzungu wa shamba mpaka mwaka wa Uhuru. Maneno hayo mawili yalitoka nyumba moja, lakini yamekwenda njia tofauti. Boi limebaki tusi. Gili limepanda cheo mpaka limekuwa jina la mtu anayesikilizwa.

Ninataka nieleze anavyosikilizwa, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Upepo siku hiyo ulikuwa ukishuka bondeni kutoka kulia kwangu, na mimi ni mtu wa mkono wa kulia. Ni hatari, kwa sababu mshipi unapopita hewani upepo unausukuma kichwani kwako pamoja na ndoana. Gili alinivalisha miwani kwanza. Kisha akanikaza mkanda kiunoni, juu ya ile suruali ya mpira inayofika kifuani, kwa nguvu kama mtu anayefunga mzigo kwenye punda. Ukianguka, mkanda uliokazwa huzuia maji yasijae miguuni yakakulemea. Akanionyesha kurusha kwa kupitisha mkono juu ya bega la kushoto, ufito ukiwa chini karibu na maji, ili upepo uchukue ndoana upande usio na uso wangu. "Usishindane nao," alisema. "Ukivuma, ngoja. Ukivuta pumzi, rusha."

Na kweli upepo huvuta pumzi. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na moja katika nchi hii nikiulaani bila kugundua hilo. Unavuma, unavuma, kisha kuna nafasi ndogo ya utulivu, kama mtu mwenye maneno mengi anapomeza mate. Hapo ndipo mshipi unapita.

Nilimuuliza kwa nini hatukungoja siku njema. Akaniangalia kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la maana bila kujua. Akanieleza kwamba kuna kijidudu cha rangi ya zeituni ambacho huishi chini ya mawe kama buu, kisha siku ya kutoka hupanda juu ya maji, huchanika gamba lake, na husimama juu ya mto akikausha mabawa. Siku ya jua hukauka upesi na kuruka. Siku ya baridi na mawingu mabawa hayakauki haraka, basi kijidudu hukaa juu ya maji muda mrefu, akielea kama mashua yenye tanga moja, na trauti wanalijua hilo. Hali mbaya kwetu ndiyo karamu kwao. Kwenye saa saba mchana, mvua ikiwa imepungua kuwa rasharasha, nikawaona: matanga madogo ya kijivu yakishuka na mkondo, moja, matatu, kisha mengi, na kila baada ya muda moja linatoweka katika kiduara kidogo cha maji.

Nzi wa bandia niliyefungiwa hakuwa mkubwa kuliko punje ya mchele. Manyoya kidogo, uzi kidogo, ndoana iliyobanwa kile kimwiba chake ili isimjeruhi samaki anaporudishwa. Mara ya tisa au ya kumi niliporusha, ufito ulipinda.

Nilipomleta kwenye wavu wa mkono nilinyamaza. Alikuwa na ubavu wa rangi ya siagi, madoa meusi, na mekundu machache yenye pete hafifu kuyazunguka. Nilimjua. Nilikuwa nimeshika samaki wa sura ile ile nikiwa na miaka saba, maelfu ya kilomita kutoka hapo, nikampeleka nyumbani kwa majivuno, na nyanya yangu akakataa asiingie katika sufuria yake. Wakikuyu wa umri wake hawakula samaki. Mjomba alimchoma nje, juu ya kipande cha bati, tukamla sisi wawili tumejificha nyuma ya zizi.

Kufanana huko si bahati. Trauti wa kwanza wa Kenya walipelekwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, ziwa ambalo liko mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka hapa Perth. Ninaliona dirishani kila nikitoka Edinburgh kwa basi. Aliyewapeleka ni Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, na mto walikomwagwa ulikuwa Gura. Walisafiri wakiwa mayai, kwa meli, kisha kwa reli, na kutoka relini hapakuwa na barabara ya gari ya kufika milima ile. Mizigo ya nyakati hizo ilipanda Aberdare juu ya vichwa vya watu. Miaka miwili baadaye, Machi 1907, Grogan huyo huyo aliongoza kundi lililowachapa viboko Wakikuyu watatu wavuta riksho hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Ninayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalifanywa na mkono mmoja, na kwa sababu yanaeleza jinsi samaki yule alivyoingia kwetu: alikuja na mwenyewe. Mto ulikuwa wetu, mgongo uliombeba ulikuwa wetu, lakini tangu siku ile mtoto wa Gura akikutwa na ufito aliitwa mwizi.

Sisemi kwamba Uskoti ni pepo. Haki ya kuvua mto kama Tay ni mali ya wenye ardhi, na gili wangu aliniambia, bila haya yoyote, kwamba babu yake alikuwa akiiba samoni usiku kwa taa na mkuki. Maskini wao nao walifukuzwa mitoni. Lakini kitu fulani kilitengenezwa njiani. Ujuzi wa mto ulipata bei na ukapata heshima. Tarehe 7 Oktoba 1922, katika Tay hii hii, Georgina Ballantine alimtoa samoni wa kilo 29 baada ya kupambana naye zaidi ya saa mbili, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo ya Uingereza kwa ufito mpaka leo. Alikuwa binti wa gili. Baba yake alikuwa naye katika mashua ile, akipiga makasia. Samaki alipelekwa hospitali ya Perth kuliwa na wagonjwa na wafanyakazi. Huku mtu yeyote anayevua ataja jina la Ballantine kabla hujamaliza swali, na jina la mwenye ardhi halikumbuki.

Mjomba wangu alibeba mikoba ya wageni kwenye Gura na Chania kwa zaidi ya miaka ishirini. Alijua kila shimo wanamolala trauti wakubwa, mahali pa kuvukia ng'ambo, na mti wa kushika ukiteleza. Alilipwa kama mpagazi. Aliomba mara mbili aandikwe kuwa mwongozaji, na mara mbili akaambiwa hana cheti. Mwaka mmoja alikutwa na ufito wake mwenyewe siku ambayo hakuwa na mgeni, akalala rumande siku mbili.

Na kuna siku ambayo sijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimepewa kazi ya kubeba chakula. Kwetu bondeni jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu, lakini ilikuwa masika, na mvua ilikuwa ikinyesha huko juu ambako hatukuona. Mjomba alisimama ghafla akainamisha kichwa. Aliniambia baadaye kwamba sauti ndiyo hubadilika kwanza: mawe ya chini huanza kusagana na mto hupata besi. Kisha likapita povu, kisha tawi bichi lenye majani yaliyokwanyuliwa muda si mrefu. Harufu ya udongo. "Bwana, tutoke," alimwambia mgeni. Mgeni alikuwa na samaki anayeruka mbele yake, akamjibu kwa mkono, bila kugeuka: ngoja. Mjomba akarudia. Mkono tena. Mara ya tatu hakuomba. Aliingia majini na nguo zake, akamshika yule mtu ukosi akamvuta mpaka kwenye mizizi, na kabla hawajakaa sawa ukuta wa maji ya rangi ya kahawa ulipita ukauchukua ufito, kikapu na kofia. Jioni mgeni alilalamika kwamba mbeba mizigo alimshika kwa nguvu. Mjomba hakuitwa tena mwezi mzima.

Sasa sikia ilivyokuwa Tay. Saa tisa alasiri nilikuwa na trauti mwingine mbele yangu, anakula bila woga, urefu wa mshipi mmoja tu. Upepo ulikuwa umevuta pumzi. Gili alipita nyuma yangu, akatazama ukingoni, akarudi. "Kijiti kimezama vidole viwili. Tunakunja." Nilimwomba nirushe mara moja ya mwisho. Hakujibu, alikuwa ameshaanza kukunja kamba yake ya usalama, na mimi nikajikuta ninatembea kuelekea nchi kavu, ubavu nikiuelekeza kwenye mkondo kama alivyonifundisha, mguu mmoja usinyanyuke kabla mwingine haujapata jiwe. Tulikuwa tumelipia mpaka saa kumi na mbili. Hakuna aliyemdai zile saa tatu zilizobaki, wala hakuna ambaye angethubutu. Neno lake kuhusu maji lilikuwa neno la mwisho, na alilipwa kwa ajili ya neno hilo hasa. Kurusha mshipi ningeweza kujifunza kwa video.

Ningependa watu wa kwetu Nyeri, na walio kwenye mito ya Mlima Kenya pia, wapate hilo. Trauti wako, vifaranga hukuzwa pale Kiganjo, na wageni wanakuja. Wanaojua maji wako vijijini, wengine ni vijana wanaovua kwa kujificha hadi leo. Andikeni majina yao. Wapeni mkanda, kamba ya kuokolea, mafunzo ya huduma ya kwanza, na juu ya yote wapeni mamlaka ya kumwambia mtu yeyote, awe nani, atoke majini, naye atoke.

Usiku ule nilimpigia mjomba simu. Ana miaka 71 sasa na goti moja halimtii. Nilimweleza habari za kijiti, akacheka kwa furaha, akataka kujua kilichomekwa umbali gani na kama mchanga wa pale ni laini, maana kwenye mchanga laini kijiti huinama kikakudanganya. Jiwe ni bora, alisema. Nikamwambia gili amenipa zawadi ya nzi sita aliowafunga mwenyewe, nitakuja nao Desemba. "Nipigie picha, mjomba," akasema.

Nikawapanga juu ya kitambaa cheupe, nikamtumia. Alikaa kimya karibu dakika tano. Kisha ujumbe wa sauti ukaingia, nyuma yake nikisikia mvua ikipiga mabati: "Mjomba, huyo wa pili kutoka kushoto, mwenye shingo ya kijivu. Huyo anafaa Gura, chini ya daraja, saa kumi jioni. Hao wengine ni wakubwa mno. Mwambie mzee wako awafunge wadogo zaidi."