Hadubini na Homa za Watoto Wetu

Masika yakishika, safu za madrasa yetu hapa Mkange hupungua. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: mtoto ana homa. Ukiuliza kama amepimwa, mara nyingi utaambiwa mseto umekwisha kununuliwa dukani. Sisi wa kamati ya msikiti tumelizungumza jambo hili, tukaona tuwaandikie wazazi wenzetu juu ya hadubini.

Wengi wetu huiita darubini. Lakini darubini ni ya vitu vya mbali, kama mwezi mwandamo. Hadubini hukuza vile vilivyo karibu ambavyo jicho halivifikii. Katika elimu ya mwanga na jicho hatuwezi kumpita Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manadhir huko Misri katika karne ya 11. Hadubini yenyewe ilitengenezwa Ulaya karne nyingi baadaye. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, asiyesoma chuo chochote, alisaga lenzi kwa mikono yake akaona vijidudu ndani ya tone la maji.

Mwaka 1880, huko Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona vimelea vya malaria katika damu ya askari mgonjwa. Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Robert Koch alichunguza malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na kati ya 1895 na 1898 mfamasia Gustav Giemsa alifanya kazi katika koloni hili la Wajerumani. Mwaka 1904, akiwa Hamburg, Giemsa alitangaza rangi ambayo hadi leo maabara zetu huitumia: kiini cha kimelea huwa chekundu na mwili wake buluu.

Zipo hadubini zenye kioo cha kuakisi jua, zinazofaa pasipo na umeme, na zipo za taa. Ile ya elektroni, iliyoanzia Ujerumani mwaka 1931, huonyesha hata virusi, lakini kwa homa ya mtoto hatuihitaji. Inatosha ile ya kawaida inayokuza mara 1,000.

Kipimo cha haraka kina manufaa yake, na pasipo na hadubini tusikidharau. Ila hakihesabu vimelea, na chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa akapona. Akirudiwa na homa ndani ya mwezi huohuo, chaweza kusema malaria ilhali mtoto ana nimonia, na nimonia haiponi kwa mseto. Hapo ndipo mzazi aombe damu itazamwe kwa hadubini, amweleze mganga tarehe ya dozi iliyopita, na aichukue karatasi ya majibu ya awali.

Kazi hiyo ina muda wake: damu ikauke kiooni, itiwe rangi, kisha mtaalamu aitazame sehemu baada ya sehemu. Aliyempeleka mtoto baada ya adhuhuri asishangae kuadhiniwa alasiri angali kwenye benchi.