Bustani ya Chini ya Maji

Kwetu Dirma maji ya chumvi tunayoyajua ni yale ya Ziwa Balang'ida, ambayo wakati wa kiangazi hunywea na kuacha weupe wa chumvi kandokando. Hivyo tulipofika Utende, katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, tulikwenda kama wanafunzi.

Maji yalikuwa yamekupwa, na mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliokunja nguo kuvuka mto. Wenyeji hawaiiti yote kwa jina moja: kuna mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Zamani boriti zake zilisafiri kwa majahazi hadi Arabuni. Katika mizizi hiyo hujificha samaki wachanga, na tope hukamatwa. Sisi tuliopatwa na msiba wa tope la Mlima Hanang lililoshukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, tuliitazama mizizi ile kwa heshima.

Mbele kidogo kuna matumbawe. Mtu wa bara huyadhani mawe, kumbe ni viumbe hai, vidogo mno, vinavyojenga kwa chokaa kizazi juu ya kizazi. Hata magofu ya Kua, kisiwani Juani, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha mengi yakafa.

Hifadhi hii, ya kwanza ya bahari nchini, iliundwa mwaka 1995, na eneo lake ni kilometa za mraba 822. Ndani yake mna vijiji; zipo sehemu zisizovuliwa kabisa, na nyingine huvuliwa kwa masharti. Jambo hili lilitugusa kuliko samaki wote wa rangi tuliowaona, maana kwetu Hanang, katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano yalimeza malisho ya Wabarabaig, na ng'ombe hawasomi ramani. Tukamwuliza nahodha wetu anaionaje hifadhi.

Akatazama tanga kwa muda.

"Wazee wangu, baruti ilikuwa inatumaliza. Kuizuia ni jema, nami nashukuru. Lakini mwamba ule alivua babu yangu, akavua baba yangu. Mwanangu ananiuliza una samaki gani, nami sina la kumwambia ila ya kusikia."

Kisha akasukuma usukani, ngalawa ikapita mbali na mwamba.