Kidole Kisomacho

Kusoma ni mazungumzo ya mtu na watu asiowaona. Mwandishi aweza kuwa amekufa karne nyingi zilizopita, au anaishi ng'ambo ya bahari. Msomaji hukaa naye faragha, akamsikiliza, akambishia, na kesho akamrudia bila ya kumchosha. Katika mazungumzo hayo uso wa mwandishi hauonwi na mwenye macho wala na asiye na macho. Asili ya kusoma, basi, haimo katika jicho. Jicho ni mlango mmoja tu, na nyumba kubwa haijengwi kwa mlango mmoja.

Husemwa mara nyingi kwamba asiyeona aweza kusomewa, na kwamba hilo latosha. Kusomewa ni jambo jema, na limepata kuzaa matunda makubwa. Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889 na kupofuka utotoni, alipata shahada ya udaktari mwaka 1914, akawa waziri wa elimu mwaka 1950. Na mkewe, Suzanne, alikuwa miongoni mwa waliomsomea. Lakini ni wangapi waliojaliwa msomaji wa kukaa nao maisha yao yote? Asomewaye hungoja nafasi ya mwingine, na huenda kwa mwendo wa ulimi wa mwingine. Barua yake hufunguliwa na mtu wa pili, na siri yake huwa na wenyewe wawili. Tena, asiyepata kuigusa herufi ni shida kwake kujua neno limeendelezwaje. Siku ya kuandika neno lake mwenyewe huhitaji mkono wa kuazima. Kusomewa ni kupewa chakula. Kusoma ni kuwa na shamba.

Historia ya herufi za wasioona ina funzo ambalo halijachakaa. Mwaka 1785, mjini Paris, Valentin Haüy alifungua shule ya vijana wasioona, akawachapia vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa iliwathibitishia watu kwamba kidole chaweza kusoma. Hata hivyo herufi zile zilikuwa kubwa, zilisomeka polepole, na wanafunzi hawakuweza kuziandika wenyewe kwa urahisi. Zilikuwa nzuri machoni pa wale ambao hawakuzihitaji.

Mwaka 1819 aliingia katika shule hiyo mtoto wa miaka 10, jina lake Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi wa kijiji cha Coupvray. Alipokuwa na miaka 3 alijiumiza jicho kwa chombo cha ncha akicheza katika karakana ya baba yake. Maradhi yakaenea katika jicho la pili, na nuru ikazimika. Shuleni alikutana na mwandiko wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi. Mwandiko huo ulitumia hata nukta 12 kwa alama moja, nyingi kupita upana wa ncha ya kidole, nao ulionyesha sauti bila ya kufuata tahajia. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, Braille alikuwa amezipunguza nukta hizo zikawa 6. Nukta 6 hukaa chini ya kidole kwa mguso mmoja, nazo hutoa mipangilio 63: yatosha kwa herufi, tarakimu, alama za uandishi na hata muziki. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1829.

Ingedhaniwa kwamba walimwengu waliupokea mwandiko huo kwa shangwe. Haikuwa hivyo. Wakubwa wenye macho walinung'unika kwamba hawawezi kuusoma, na kwamba utawatenga wasioona na watu wengine. Katika shule ile ile ulipigwa marufuku kwa muda, na wanafunzi wakautumia kwa kificho. Braille alifariki mwaka 1852. Shule iliukubali rasmi mwaka 1854. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jicho lilikuwa limejifanya hakimu katika kesi ya kidole.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Maandishi yake ya Kilatini hayabebi alama juu ya vokali, na neno huandikwa karibu sawa na linavyotamkwa. Nukta nundu huyapokea bila ya taabu. Kikwazo, basi, si herufi bali ni vitabu. Karatasi ya nukta nundu ni nene, ukurasa wake ni mkubwa na hubeba maneno machache, hata riwaya moja ya mfukoni huwa majuzuu kadhaa. Kompyuta imepunguza mzigo huo: zipo programu zinazosoma maandishi kwa sauti, baadhi yake zikitolewa bure, na vyombo vinavyoinua nukta chini ya vidole. Lakini ukurasa uliopigwa picha tu, kama zilivyo nakala nyingi zinazogawiwa wanafunzi wa vyuo, ni bubu mbele ya programu hiyo mpaka maneno yake yatambuliwe na kugeuzwa maandishi. Anayeona hupewa makala. Mwenziwe hupewa picha ya makala.

Sheria nayo ilikuwa ukuta. Nchi nyingi hazikuruhusu kitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti bila ya idhini ya mwenye hakimiliki, na nakala iliyotengenezwa nchi moja ilizuiwa kuvuka mpaka. Mkataba uliofikiwa Marrakesh, Moroko, mwaka 2013, na kuanza kutumika mwaka 2016, uliufungua ukuta huo kwa ajili ya wasioona na wote ambao ulemavu wao huwazuia kusoma chapa, pamoja na wasioweza kushika kitabu. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Kwa lugha iliyoenea nchi nyingi kama Kiswahili, faida yake ni dhahiri: kitabu kikitengenezwa Nairobi, si lazima kitengenezwe upya Dodoma. Lakini mkataba hauchapi kitabu. Ruhusa imepatikana, kazi inangoja watu.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Macho ya leo si dhamana ya macho ya kesho, na wengi wanaosoma herufi ndogo ujanani huzitafuta kubwa uzeeni. Hata hivyo hofu hiyo isiwe sababu ya kwanza ya kutenda haki. Asiyeona hastahili kitabu kwa kuwa mwenye macho aweza kupofuka. Anakistahili kwa kuwa ana akili inayouliza. Na mchapaji, mkutubi au mwalimu atakaye kumtengenezea kitabu, na aanze kwa kumuuliza yeye jinsi anavyosoma. Swali hilo lingaliulizwa mapema mjini Paris, Braille angaliishi kuuona mwandiko wake ukikubaliwa katika shule yake.